Mchanga Wangu Usiguswe

Nürtingen, 4 Februari 1995

Mdogo wangu Eugen,

Nakusalimu, na wote wanaokujua wanakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na goti si habari. Theluji imeyeyuka imebaki tope, ngazi zinachafuka kabla sijamaliza kuzifuta. Binamu yetu Liesel amepata mjukuu wa tatu, wa kiume, kichwa kama cha baba yake, masikini. Wenzako wa chama cha waimbaji wananisimamisha njiani kila Jumapili kuniuliza Eugen anarudi lini, kiti chake kwenye safu ya sauti nzito kiko wazi. Nawaambia waulize daktari. Na mimi namuuliza daktari kupitia kwako: amesemaje? Ulipoondoka kwenda huko kliniki ya kisiwani uliniandikia ni majuma machache tu ya kupumzisha koo baada ya kukatwa. Najua huwezi kuongea tena, ndiyo maana simu haina kazi baina yetu. Lakini mkono hawakukukata. Andika.

Sasa jambo lenyewe. Tangi lako la samaki.

Uliniandikia nije kila siku niwape chakula, niongeze maji, nifute kioo. Nafanya. Lakini mchanga wa chini, ule uliokuwa mweupe kama unga, umekuwa wa kahawia. Si kidogo, umeenea kote, kama sufuria iliyounguza maziwa. Juzi Bi. Schäufele wa ghorofa ya chini alikuja kuchukua ufunguo wa stoo, akasimama mbele ya tangi, akainama, akasema: "Aa. Kumbe." Unamjua mwenyewe. Hilo "kumbe" limeshafika kanisani.

Nimekuta mpira wa kunyonyea maji kwenye kabati lako. Niambie tu unatumikaje, Jumamosi niusafishe huo mchanga hadi kiooni, yaishe.

Dada yako,
Gerlinde

Kisiwa cha Föhr, 10 Februari 1995

Dada Gerlinde,

Asante kwa barua na soksi. Hapa kuna upepo, na chakula hakina chumvi. Saladi yao ya viazi wanaiwekea mayonesi. Nimeitazama, nikaifunika na kitambaa. Mpe Liesel hongera. Chumba nachangia na mwalimu mstaafu kutoka Bremen ambaye naye hana koo, kwa hiyo tunaelewana.

Mchanga usiuguse.

Naandika tena, maana nakujua: mchanga wangu usiguswe. Hiyo si sakafu, dada. Ni kina cha kiganja kizima, na ndani yake kuna viumbe wengi kuliko watu wa Nürtingen: minyoo, konokono, na wadudu wasioonekana kwa macho. Wa juu wanakula uchafu. Wa chini kabisa, kule kusikofika hewa, wanaondoa sumu ya mavi ya samaki. Ukiwafukua hao wa chini unawatoa kaburini pamoja na uvundo wao wote, na uvundo huo unaua.

Unataka kujua rangi ya kahawia imetoka wapi? Imetoka mkononi mwako. Unawalisha kupita kiasi. Niliandika chembe ndogo mara moja kwa siku. Wewe, ninavyokufahamu, unawapa kama wageni wa harusi. Punguza chakula. Elekeza mdomo wa pampu kidogo chini, maji yapitepite juu ya mchanga. Maji yakipungua ongeza maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachokauka ni maji, chumvi inabaki palepale. Halafu kaa, utazame. Kukaa na kutazama ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo iliyo ngumu kwako.

Bi. Schäufele mwambie akatazame mapazia yake.

Mdogo wako,
Eugen

Nürtingen, 18 Februari 1995

Mdogo wangu Eugen,

Salamu. Goti limepoa. Dengu zimepanda ubora mwaka huu, nimepika na tambi nilizokwangua mwenyewe kwa kisu ubaoni, nikakukumbuka, nikala sehemu yako.

Umeandika karatasi mbili za minyoo, na daktari hukumtaja hata kwa herufi moja. Nimesoma tena nikidhani imenipita. Haikunipita.

Chakula nimepunguza. Sasa samaki wananitazama. Wale wawili wa rangi ya chungwa wanasimama kioo kwa kioo nami, midomo wazi, kama watoto wa jirani. Yule mwembamba mweupe namheshimu: anajaza mchanga mdomoni, anauchekecha, anautoa kupitia mashavu, asubuhi hadi jioni, hapumziki. Huyo angekuwa mpangaji hapa nyumbani kusingekuwa na ugomvi wa zamu za kufagia ngazi.

Sasa nikupe habari ambayo itakufurahisha. Kulikuwa na uchafu mmoja mkubwa umelala kwenye kona, mweusi, mrefu kama soseji, sijui umeingiaje. Samahani kwa lugha, lakini ulifanana na kile ambacho mbwa wa Bi. Schäufele huacha uani. Nimeutoa kwa koleo la saladi, nikautia kwenye ndoo. Kona sasa inapendeza.

Lete habari za daktari.

Gerlinde

Kisiwa cha Föhr, 23 Februari 1995

Gerlinde,

Salamu baadaye. Huo si uchafu. Huyo ni jongoo bahari. Ana miaka sita kwangu. Anakula mchanga mchafu mdomoni, anautoa msafi nyuma, na hiyo ndiyo kazi yake duniani, na anaifanya vizuri kuliko wewe na mimi na mpira wowote. Kama yuko hai, mrudishe sasa hivi, taratibu, kwa mkono uliolowa, usimkamue. Kama ndoo ilikuwa na maji ya bomba, usiniandikie, nitajua kwa ukimya wako.

Na koleo la saladi ni la mama.

Nilidhani nimekuachia samaki. Kumbe nimewaachia samaki dada yangu, ambaye akikuta kitu kimelala anakiondoa. Hebu nielewe: kila kilicho juu ya mchanga huo kina kazi. Konokono wana kazi. Jongoo ana kazi. Yule mwembamba unayemheshimu ana kazi. Asiye na kazi kwenye mchanga ni wewe peke yako. Wewe una kioo na maji baridi. Inatosha kwa mtu mmoja.

Mimi sijambo. Wananiruhusu kutembea hadi kwenye ukingo wa bahari. Nitakuwa nyumbani Pasaka. Kuanzia sasa barua zako tuma kwenye sanduku la posta nililoandika nyuma ya bahasha, zinanifikia upesi zaidi.

Eugen

Nürtingen, 11 Machi 1995

Mdogo wangu mpendwa Eugen,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu, kwa Liesel, kwa mchungaji, kwa mwenyekiti wa waimbaji, na kwa Bwana Munz wa duka la samaki wa kufuga, ambaye tumeonana hivi karibuni. Mvua imenyesha, kisha jua, kisha mvua. Mti wa tufaha umeanza kuchipua. Mjukuu wa Liesel amebatizwa, akalia ibada nzima, mchungaji akapaza sauti, mtoto akapaza zaidi. Keki ilikuwa kavu. Nimefurahi kwamba unarudi Pasaka, nimeshawaambia watu.

Jongoo alirudi siku ileile, alikuwa mzima, maji ya ndoo yalikuwa ya tangi. Sikukujibu mapema kwa sababu ya shughuli.

Samaki wapo.

Nakuuliza jambo moja dogo la nyumbani, kwa kuwa wewe ulisoma kemia shuleni: harufu ya mayai yaliyooza ikiingia kwenye mapazia, inatoka kwa siki au kwa soda?

Dada yako akupendaye,
Gerlinde

Kisiwa cha Föhr, 15 Machi 1995

Gerlinde,

Umefanya nini?

Katika maisha yako yote hujawahi kuniandikia "mpendwa". Na "samaki wapo" si jibu, hata makaburini watu wapo.

Niambie ilivyokuwa, hatua kwa hatua, usifiche. Munz alikuja? Mlibadilisha maji? Nani amekufa? Na hayo mapazia yafungue, fungua madirisha yote, hewa ile si nzuri kwa mtu pia.

Nasubiri.

Eugen

Nürtingen, 24 Machi 1995

Eugen,

Haya. Nakwambia.

Lile juma lilikuwa zamu yangu ya kufagia, na kibao cha zamu kilitundikwa mlangoni kwangu. Kikitoka kwangu kinahamia kwako, lakini hupo, kwa hiyo zamu yako nayo naifanya mimi, na silalamiki. Jumamosi asubuhi nikafuta ngazi, nikafagia njia ya nje, nikasugua stoo, nikapanga mapipa. Bi. Schäufele akanikuta na ndoo. Akasema: "Ngazi mnazing'arisha kweli, bi Gerlinde, ila huko juu kwa mdogo wako..." Hakumaliza. Yeye huwa hamalizi, ndiyo mbinu yake.

Nikapanda juu. Nikatazama ule mchanga. Nikachukua mpira wako, nikausukuma hadi chini kabisa, na kijiko cha mbao kikasaidia pale palipogoma. Mwanzoni ulitoka uchafu wa kahawia, nikasema, unaona? Kisha chini pakatoka cheusi. Wingu zima, jeusi kama wino, na harufu ambayo sijawahi kuinusa hata kwenye choo cha shule. Maji yakawa giza. Samaki wakapanda juu wakihema. Nikakimbia na goti langu hili kwenda kwa Bwana Munz, sikufunga hata aproni. Mungu ambariki, aliacha wateja, akaja na ndoo za maji ya chumvi. Tulibadilisha nusu nzima. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hadi chini?" Nikasema hadi chini. Akafumba macho.

Wale wawili wa rangi ya chungwa wamekufa. Na kamba wadogo wenye mistari. Na lile tumbawe la kijani lililokuwa likipunga mikono limesinyaa, Munz anasema huenda likapona, huenda lisipone. Mwembamba yu hai. Jongoo yu hai, ingawa siku ile alijikunja akawa kama ngumi.

Nimewazika uani, chini ya mti. Usicheke. Samaki huwa hawazikwi, najua, lakini kuwatia chooni nilishindwa.

Uliniambia nisiguse, nikagusa. Ni kosa langu, basi. Lakini na mimi nikuulize, kwa sababu nimechoka: unadhani nilikuwa nasugua mchanga kwa sababu ya Schäufele? Nimesugua nyumba hii tangu uondoke. Nimesugua nyuma ya jiko. Nimefua mapazia yasiyo machafu. Kila nikikuuliza daktari amesema nini, unanijibu minyoo. Nakaa na barua zako mezani, sijui mdogo wangu ana kansa au hana, basi naamka nachukua ndoo. Ningefanya nini kingine? Mficha maradhi kilio humfichua, Eugen. Usiniache nikayajue kwenye kilio.

Gerlinde

Nürtingen, 19 Aprili 1995

Eugen,

Pasaka imepita. Nilioka mkate wa Pasaka wenye umbo la mwanakondoo. Nilipika saladi ya viazi kwa mchuzi na siki, kama inavyotakiwa, ya watu wawili. Nilikwenda stesheni Jumamosi nikakaa kwenye benchi, treni zikaja na watu wa watu wengine. Jumapili mwenyekiti wa waimbaji akauliza. Nikamwambia umekosa treni. Nimedanganya siku ya Pasaka, mlangoni mwa kanisa, kwa ajili yako.

Tangu barua yangu ya mwisho hujaandika. Nimepiga simu huko kliniki, najua ulinikataza kabla hujaondoka. Binti mmoja mpole akaniambia hawezi kutoa habari za mgonjwa, halafu akaongeza, kwa huruma, kwamba Bwana Klotz hayupo kwao tena. Nikakaa chini sakafuni pale kwenye simu. Nikamuuliza, hayupo vipi? Akasema, ametoka, mama, ametoka kwa miguu yake. Basi sanduku la posta sasa nimelielewa, ila mengine siyaelewi.

Kama umenikasirikia kwa ajili ya samaki, sema. Andika matusi, nitayasoma. Watu wa huku tunajua asiyegombezwa ameshasifiwa, lakini hili si la kunyamaziwa hata kwetu.

Mchanga umekuwa wa kahawia tena. Munz anasema ni kawaida baada ya vurugu. Sijaugusa. Bi. Schäufele alikuja, akainama, akafungua mdomo, nikamwambia, "Bibi, hao walio chini wako kazini. Wewe zamu yako ni lini?" Akatoka.

Uko wapi?

Gerlinde

Kisiwa cha Föhr, 27 Aprili 1995

Dada Gerlinde,

Nimeichana karatasi mara nyingi kabla ya hii. Naanza na samaki kwa kuwa ndiyo rahisi. Nimewalilia, sikufichi. Wale wawili niliwapata wadogo kama ukucha. Nilipokea barua yako nikatoka nje nikatembea ukingoni hadi giza, na kama ungekuwa karibu ningekurushia kiatu. Lakini si wao walionifanya ninyamaze. Ulipoandika kwamba hujui kama nina kansa au sina, niliona haya, na mtu mwenye haya huahirisha.

Sina, dada. Uvimbe uliondoka wote. Daktari aliniambia siku chache kabla sijakupa lile sanduku la posta, akanipa mkono, akaniandikia niende nyumbani. Sikuja. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja hapa kijijini, karibu na kanisa, na yeye ananihesabu kama mpangaji mtulivu.

Sasa nikueleze kwa nini. Mtu aliyekatwa koo anafundishwa kuongea upya. Unameza hewa, kama unayemeza maji, kisha unairudisha juu kwa mbweu, na ndani ya mbweu hiyo unachonga neno. Hiyo ndiyo sauti. Hakuna nyingine. Kuna mwalimu, Bi. Petersen, kijana, mvumilivu kama ng'ombe. Siku ya kwanza aliponionyesha, nilichukua kofia nikatoka. Unakumbuka mama alivyotupiga kijiko vidoleni tukibeua mezani? Miaka hamsini na nane nimebeua kimyakimya ndani ya leso. Nimeimba besi kwenye Noeli na kwenye mazishi ya nusu ya mji. Sasa nirudi nipande ngazi zile, Schäufele aseme "Habari za asubuhi, Bwana Klotz," nami nimjibu kwa tumbo?

Mwezi huu nimerudi kwa Bi. Petersen. Kila asubuhi naenda. Nilipata "mkate". Nilipata "kahawa". Juma lililopita nikathubutu, nikaenda dukani, nikaomba mikate miwili. Foleni nzima ikageuka. Bibi mmoja akamvuta mbwa wake karibu na mguu. Niliacha mikate kwenye kaunta nikaondoka.

Ndiyo hali. Maneno ninayo, pengine yanatosha kumaliza siku. Kuyatoa mbele ya watu wanaonijua ndiko kulikonishinda. Hapa sina ninayemwonea haya, kwa hiyo hapa nimekaa. Usiwaambie waimbaji. Kiti wampe mwingine.

Mchanga wa kahawia utaisha wenyewe. Umefanya vizuri kuuacha. Siku hizi ukitazama kwa upande, kwenye kioo, utaona vishimo vidogovidogo kama vya sindano. Hao ni minyoo wanarudi. Usiwasaidie.

Nisamehe kwa Pasaka.

Eugen

Nürtingen, 2 Mei 1995

Eugen,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Nikalia, kisha nikakasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo nitaandika upesi kabla sijapoa.

Watu wote duniani huficha ugonjwa. Mdogo wangu peke yake ndiye anayeficha uzima. Miezi miwili! Mimi huku nimekuchagulia nyimbo za mazishi, Eugen. Nilikuwa nimefika ubeti wa tatu. Wewe uko kwa mjane unamwogopa mbwa wa dukani.

Nimemwonyesha Bwana Munz tangi jana. Tumbawe la kijani limetoa ncha moja. Mwembamba ameanza kuchekecha tena, ila polepole. Hivyo vishimo vya sindano nimeviona, nilipiga magoti kwa goti zima nikavitazama saa nzima, wala sikuchukua kitu mkononi. Hayo ndiyo ya samaki, na yameisha.

Sasa sikiliza. Jumamosi hii kuna treni inayofika hapa mchana, wakati stesheni imejaa watu wa sokoni. Utapanda hiyo. Sitaki uje jioni kwa kunyemelea. Mwenyekiti wa waimbaji nimeshamwambia yote, ndiyo, nimemwambia, unikasirikie. Akasema kaka yake alipigwa na kiharusi akabaki na neno moja tu, la matusi, na walilizoea. Kiti hajampa mtu. Anasema utakaa, utashika karatasi, utafungua mdomo ukitaka.

Bi. Schäufele hajaambiwa, atajua mwenyewe ngazini. Akigeuka kukutazama, mimi nitakuwa nyuma yako.

Mama alikuwa na kijiko chake na sababu zake, na amelala zamani. Mimi ndiye mkubwa sasa mezani, na naruhusu.

Nitasimama pale mlangoni pa mabehewa ya nyuma. Usinipungie mkono, usinipe karatasi, na usinikumbatie kwanza. Uniite jina langu. Ni refu, najua, likate ulipumzishe katikati, lakini ulitoe kwa sauti, watu wote wageuke. Tangu Januari nakusoma tu, Eugen. Nimechoka kukusoma. Nataka kukusikia.

Dada yako,
Gerlinde